Usiachie Mafuta Kwenye Kona

Ukitaka kumuudhi Shitanda, ungemwambia tu kwamba umeona gari la bei nafuu linalokimbia sana, linalobeba watu watano wakastarehe, lisilokula mafuta na lisilochoka. Angeinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akutazame kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akuulize kama unamjua pia ng'ombe anayetoa maziwa na kutaga mayai.

"Mbio hazigawiwi bure," angesema. "Mzungu akikupatia hapa, amekunyima pale. Kazi yako ni kujua amekunyima nini, mapema."

Alikuwa fundi wa viti vya magari nyuma ya soko la Kibuye, kwenye kibanda cha mabati chenye cherehani moja ya kukanyaga, marobota ya reksini, ile ngozi ya bandia ya viti, na sponji iliyorundikwa hadi kwenye paa. Alifika Kisumu mwaka wa sabini na sita kutoka upande wa Kakamega. Mguu wake wa kushoto ulipigwa na polio akiwa na miaka minne, ukabaki mwembamba na usio na nguvu hata ya kusukuma pedali ya baiskeli. Kwa hiyo kazi yote ya cherehani iliufikia mguu wa kulia, nao ukawa mguu wa maana. Ulikuwa na msuli wa mkulima na akili ya peke yake.

Mwaka wa sabini na tisa sindano ilipita katikati ya ukucha wa kidole chake cha shahada, ikatokea upande wa pili. Hakupiga kelele. Alikaa akaitazama, akaomba maji. Lakini tangu siku hiyo mguu wa kulia ulijifunza jambo moja: kitu kigeni kikikaribia sindano, iwe fundo la uzi, msumari uliosahauliwa au kidole cha mtu, unainuka. Haumuulizi mwenyewe. Shitanda alikuwa akijivunia jambo hilo. Alisema mguu wake ni mwepesi kuliko jicho lake, na kwamba ndio umemwachia vidole tisa vizima na kimoja chenye kovu.

Magari aliyapenda kwa mlango wa nyuma, kama wasemavyo. Hakuwahi kuliendesha hata moja. Lakini mtu anayefungua viti vya magari mwaka hadi mwaka huona mambo ambayo dereva mwenyewe hayajui. Aliona jinsi kila kiti kilivyolika. Kiti kilicholika ubavu wa kulia kilikuwa cha mtu anayejitupa kwenye kona bila adabu, na kilicholika kwa mbele kilikuwa cha mwoga anayekumbatia usukani. "Kiti hakina uongo," alisema, na mara mbili alimwambia mteja mambo ya uendeshaji wake mpaka mteja akatazama huku na huku kama aliyerogwa. Chini ya viti alikuta majarida ya magari ya Kizungu yaliyoachwa na wenyewe walioondoka, na mengine aliyapata sokoni Jumapili, yakifungiwa omena, wale dagaa wa ziwani. Aliyanyoosha, akayakausha, akayasoma kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, neno kwa neno, hadi yakakaa kichwani.

Kibandani palikuwa na benchi, na kwenye benchi palikuwa na ubishi. Waliokuwa hawakosi ni wawili. Oduor, fundi wa injini aliyekuwa na kibanda jirani, mtu wa mikono mikubwa na maneno makali. Na Simiyu, mwalimu wa hisabati, aliyekuja kila saa kumi kana kwamba ameajiriwa. Hawakuyaita magari yale madogo ya mbio kwa majina ya viwanda. Waliyaita kwa nchi zake, kama wachezaji wa mpira.

"Mjerumani," Shitanda angeanza, "ukifunga mlango wake unasikia mlango wa benki. Amekazwa kila mahali. Ukikosea kwenye kona anapeleka pua nje polepole, wewe unapunguza, unaomba msamaha, mnaendelea na safari. Lakini hakuongeleshi. Unaweza kukaa naye miaka kumi usijue anafikiria nini."

"Na Mwitaliano?" Simiyu angechokoza.

"Injini yake inaimba kwaya. Lakini aliyepimiwa kile kiti alikuwa na mikono mirefu na miguu ya mtoto. Nimekifungua, nimekipima. Unapata wimbo, unanunua na maumivu ya mgongo."

Mfaransa alimwacha mwisho, na sauti yake ilishuka kidogo alipomfikia. Mfaransa alikuwa na bati jembamba, linalobonyea ukiliegemea. Hakuwa na uzito. Tako lake lilikuwa jepesi kwa makusudi, ili ageuke upesi kuliko wenzake wote. Na hapo ndipo walipomnyima dereva kitu, alisema Shitanda. Ukiwa katikati ya kona kwa mwendo, ukaogopa, ukatoa mguu kwenye mafuta ghafla, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki bila mzigo, na tako linakuja kukusalimia. Hilo halikuwa kosa la mtengenezaji. Lilikuwa bei. Alilisema hivyo mara nyingi sana hata muuza chai wa pale naye alijua kulisema: usiachie mafuta kwenye kona.

Oduor alikuwa na jibu lake, na hakuwahi kulibadilisha, wala lile jina la Omwami, yaani bwana kwa Kiluhya, alilomtania nalo.

"Omwami, wewe unajua gari vile padri anajua ndoa. Amesoma yote, anafundisha yote, na jioni analala peke yake."

Benchi lilicheka, Shitanda akacheka pia. Alicheka kwa sababu lilikuwa tusi la rafiki na lilikuwa tamu. Lakini lilimwingia. Kila mara lilimwingia, na usiku alipolala kando ya mkewe Maximilla alijiuliza kama kweli anajua kitu au amekariri tu.

Mwaka wa themanini na tisa Mfaransa mwenyewe alikuja. Alikuwa mwekundu, milango miwili, herufi tatu ndogo nyuma, na mwenye gari alikuwa Gordon Amolo, mpima ardhi kijana aliyekaa Milimani katika nyumba ya serikali yenye ua mkubwa. Alilinunua kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Alilileta kwa sababu mama yake, Mama Dorca, alikataa kulipanda. Alisema viti vile vinamkaba mbavu kama askari, na mtoto aliyesoma hawezi kukosa gari la kumpeleka mamake kanisani.

"Weka sponji, Mzee," Gordon aliomba. "Lainisha kidogo."

Shitanda alikitoa kiti cha dereva, akakiweka mezani, akakizunguka akichechemea. Akakiegemea kwa kifua. Kisha akamwambia Gordon kwamba kiti cha abiria atakilainisha mpaka Mama Dorca asinzie, lakini cha dereva hakigusi. "Hiki kinakuambia tako la gari liko wapi. Nikiweka sponji nitakuwa nimekuziba masikio." Akamwita aketi kwenye benchi, akampa somo zima la kona na mafuta. Gordon, mtu wa digrii, alimsikiliza fundi wa darasa la saba mpaka mwisho. Akaondoka na kiti chake kigumu.

Aprili ya tisini na mbili Gordon alikuwa akiteremka kutoka Kericho kwenye mvua. Katika kona moja lori lilikuwa limemwaga majani mabichi ya chai, barabara nzima kijani. Alihisi nyuma inateleza. Mguu wake, alisema baadaye, ulitaka kuruka kutoka kwenye mafuta kama uliokanyaga makaa. Akasikia sauti ya Shitanda. Akaubana pale pale, akashika usukani, na Mfaransa akatetemeka, akajinyoosha, akapita. Gordon hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja Kibuye na shati limelowa jasho, akaketi kwenye benchi.

"Mzee," alisema, "leo umeniokoa."

Simiyu alimgeukia Oduor. Oduor alikuna kidevu. "Sawa," alisema. "Padri amefungisha harusi."

Zilikuwa siku njema kwa Shitanda. Wateja walikuja kwa maneno tu, bila viti. Alitembea kwenda nyumbani kwake Manyatta akisalimiana na watu wengi kuliko kawaida, na Maximilla alimtania kwamba amekuwa daktari.

Mwaka uliofuata Gordon alihamishwa Wajir. Mfaransa na mchanga wa Wajir hawangeelewana hata kwa siku moja. Alipata mnunuzi, mwalimu mmoja wa Bungoma aliyeitwa Wakhisi, ambaye angekuja kulichukua Jumatatu. Jumanne ya wiki iliyotangulia Gordon alikuja kibandani kuaga, na alipomaliza kuaga hakuondoka.

"Mzee, haliwezi kwenda kabla wewe hujaliendesha."

Shitanda alicheka, akaonyesha mguu wa kushoto. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuonyesha mguu ule. Ulikuwa umemwokoa na mialiko mingi. Lakini Oduor alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshafika mbali katika mawazo.

"Klachi yake ni ya kamba," Oduor alisema. "Kamba naweza kuivuta kutoka popote."

Siku nne alilala chini ya lile gari. Alichukua mkono wa klachi wa pikipiki mbovu ya bwana shamba mmoja, akaufunga kwenye fimbo ya gia kwa bamba la chuma, akarefusha kamba, akarefusha na kile chuma kinachosukumwa nayo kule chini ili nguvu ya vidole itoshe. Ukibana kwa vidole, klachi inaachia. Kwa kiganja hicho hicho unasukuma gia. Ilikuwa kazi safi. Simiyu alipiga hesabu ya nguvu kwenye karatasi ya daftari, akakuta imetosha na kubaki.

Jumamosi walikwenda kwenye uwanja wa shule. Shitanda alikaa kwenye kiti alichokataa kukilainisha, akabana, akasukuma, akaachia taratibu, na gari likaondoka. Lilizima mara tatu tu. Kufikia saa sita alikuwa akizunguka magoli kwa gia ya pili kana kwamba anashona pindo. Mguu wa kulia ulijua mafuta tangu kwanza, kwa sababu kukanyaga kwa kipimo ndiyo kazi uliyoifanya maisha yake yote. Oduor alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, bila neno la kumtania.

Jioni Maximilla alimwekea ugali na mboga ya mrenda, akakaa mkabala naye.

"Baba, miaka kumi na saba unakula magari na kulala magari," alisema. "Sikatai. Lakini nikuulize. Kesho likikushinda, kesho kutwa utaongea nini?"

Shitanda aliliviringisha tonge, asilitie mdomoni. Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu Jumanne. Hakuogopa kufa. Aliogopa kukuta kwamba alichokuwa nacho kichwani kilikuwa maneno ya watu wengine. Ametembea na mguu mmoja katika mji huu, na mguu wa pili ulikuwa yale anayoyajua.

"Halitanishinda," alisema. "Nalijua."

Waliondoka Jumapili saa tatu asubuhi, wakati watu wako makanisani na barabara ni tupu. Gordon aliendesha hadi kupita Ahero, mahali ambapo barabara inaachana na nyumba na kufuata mfereji wa mashamba ya mpunga. Hapo walibadilishana. Oduor na Simiyu walibaki kwenye kituo cha mafuta Ahero, wakinywa soda, wangojee kuliona likirudi.

Shitanda alibana vidole, akaweka gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Kila kitu kilikuwa kweli. Usukani ulizungumza. Kiti kilimwambia barabara ilivyo, kokoto kwa kokoto, kupitia makalio na mgongo, vile vile alivyowaambia. Kona ya kwanza aliichukua polepole, ya pili kwa haraka zaidi, akashikilia mafuta mpaka mwisho, na gari likageuka kama lililosoma mawazo yake.

"Unaona?" alimwambia Gordon. "Unaona?"

"Naona, Mzee."

Kona ya tatu ilikuwa ndefu, kwenda kulia, mfereji ukiwa upande wa kushoto. Aliingia kwa gia ya nne na mafuta yamekanyagwa sawasawa, usukani umetulia, na alijua, kwa uhakika ambao hajawahi kuwa nao kuhusu jambo lolote, kwamba yuko sahihi. Ndipo katikati ya kona alipoona mpunga. Ulikuwa umeanikwa kwenye lami, nusu ya njia yake, zulia la njano, kama wafanyavyo watu wa huko siku ya jua. Kando yake mwanamke alikuwa ameinama na ufagio. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Upande wa kulia ulikuwa mtupu kabisa, ungepita na lori. Ilitosha kuendelea vile vile na kuinamisha usukani kidogo.

Kichwa chake kilisema: usiachie. Alilisikia wazi, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya benchini.

Mguu ulikuwa umeshainuka.

Aliutazama ukiwa juu. Baadaye alisema ndicho alichokumbuka kuliko vyote, kwamba alipata nafasi ya kuutazama mguu wake wa kulia ukiwa hewani, umetulia, kama siku zote kitu kigeni kilipokaribia sindano. Kisha tako la gari likaja. Lilikuja jinsi alivyolieleza kwa miaka, kwa mpangilio ule ule, na hakukuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kukaa na kuliona likifanyika. Mbingu ikapita dirishani, halafu mwanamke na ufagio, halafu barabara waliyotoka, halafu mfereji. Gari likaingia shambani kinyumenyume, likapasua ukingo wa tope, na gurudumu la nyuma la kushoto likagonga saruji ya mlango wa mfereji. Injini ikazima. Maji ya mpunga yakaanza kuingia taratibu chini ya milango.

"Uko sawa?" Gordon aliuliza.

"Niliachia," Shitanda alisema.

Yule mwanamke, aliyeitwa Anyango, alikuwa wa kwanza kufika, na matope hadi magotini. Mpunga wake haukuguswa hata punje. "Mos, baba," alisema, "mos," yaani pole, akamshika mkono kumtoa. Aliposhuka na watu wakauona mguu wa kushoto, minong'ono ikaanza. Vijana waliochungulia ndani waliuona mkono wa pikipiki kwenye fimbo ya gia, na kila mtu akawa amepata maelezo yake.

"Kumbe ni mlemavu," mmoja alisema. "Na nani alimpatia gari?"

"Ni hiyo kitu ya mkono," alisema mwingine. "Mkono imeteleza."

"Sikuwa nimeshika klachi," Shitanda alisema. "Klachi ilikuwa sawa. Ni mguu."

Wakautazama mguu wa kushoto, wakatikisa kichwa kwa huruma.

"Si huo. Huu." Alijipiga paja la kulia mbele ya watu wote, kofi zito, na tope likaruka. "Huu mzima. Niliachia mafuta kwenye kona."

Gordon alimwekea mkono begani. "Mzee, usijali. Ni gari tu." Na Shitanda aliona machoni pake kwamba naye haamini. Gordon alikuwa amefumba macho wakati ule, au alikuwa akitazama mpunga. Hata hivyo alikuwa ameshachagua la kuamini, na alikuwa amechagua kwa upendo. Mtu angebishana vipi na hilo?

Trekta la mpunga liliwavuta. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelala kwa ndani, na kile chuma kinachoshika magurudumu yote mawili ya nyuma kilikuwa kimepinda. Oduor alikuja kutoka Ahero mbio, akaingia chini ya gari kwenye matope yale yale na nguo zake za Jumapili. Alikaa huko muda. Shitanda alisimama kando akingojea. Alikuwa akiingojea sentensi moja tu, ya padri. Ingemuumiza, na baada ya kumuumiza ingemrudisha mahali pake. Wangecheka, wangebishana njia nzima hadi Kibuye kama ni mguu au ni mwendo.

Oduor alitoka, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Kamba ilikwama," alisema. "Ni makosa yangu, Omwami. Niliifunga vibaya."

"Oduor, kamba haikukwama. Umeiangalia. Iko sawa."

"Ilikwama," Oduor alisema, asimtazame.

Wakhisi alikuja Jumatatu, akalizunguka gari mara moja, akarudi Bungoma na basi la saa sita. Chuma kingine kama kile kilichopinda kingetoka Ufaransa, kama kingetoka. Gordon alikuwa na siku tatu za kufunga mizigo. Alhamisi asubuhi alilileta Kibuye likivutwa na lori, wakaliweka juu ya mawe kando ya kibanda, akamkabidhi Shitanda ufunguo kwa mikono miwili.

"Kaa nalo, Mzee. Halina mtu mwingine anayelielewa."

Shitanda alijaribu kukataa. Alijaribu pia, kwa mara ya mwisho, kumwambia. Gordon alimkumbatia katikati ya sentensi.

Hivyo ndivyo alivyopata gari. Alilifunika kwa turubali, na wakati wa joto alifungua mlango akakaa ndani kushona vitu vidogo kwa mkono. Benchi liliendelea. Oduor alikuja, Simiyu akaja saa kumi. Lakini kitu kilikuwa kimeondoka. Shitanda akisema Mjerumani hazungumzi, Oduor alisema, "Ni kweli, Mzee." Akisema Mwitaliano anaumiza mgongo, Simiyu alisema ni kweli kabisa. Siku moja, kwa kuwajaribu, alisema gari zuri kuliko yote ni lori la mchanga. Wakatafakari, wakakubali. Walikuwa wamekaa pamoja siku fulani bila yeye, alijua, wakaafikiana kumtunza. Oduor, ambaye tangu sabini na nane hakuwahi kumwita Mzee, sasa hakumwita kitu kingine.

Alasiri moja hakuweza kuvumilia.

"Padri alioa," alisema kwa sauti, bila kuulizwa. "Jumapili moja. Akashindwa na ndoa kabla ya saa sita."

Alimtazama Oduor, akamngojea. Oduor aliinamia kikombe chake cha chai, akakizungusha, akasema labda mvua itanyesha.

Miaka ikapita namna hiyo. Mwaka wa tisini na saba alikuja mgeni, kijana wa Eldoret aliyekuwa na Mjerumani wake, akitaka viti vipya. Aliona turubali, akaliinua pembeni, akapiga mluzi.

"Mzee, hii ni ile yenyewe? Ilifanyika nini?"

"Klachi ilikwama," Oduor alidakia kutoka kwenye benchi.

"Klachi ilikuwa sawa," Shitanda alisema, huku akiingiza reksini ya kijana yule chini ya sindano. "Niliachia mafuta kwenye kona. Kwa mguu."

Kijana akatazama chini ya meza ya cherehani, akauona mguu wa kushoto umekaa pembeni kama kawaida yake. Uso wake ukalainika. "Pole sana, Mzee," alisema. "Pole."

Shitanda alilizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Akarudisha macho kwenye kazi, akakanyaga. Reksini ilitembea vizuri, pindo limenyooka, hadi sindano ilipokaribia fundo la uzi ambalo hakuwa ameliona, na mguu wa kulia ukainuka.